Godoro la Pande Mbili

Fundi wa kuchomelea aliukung'uta mto wa mkewe kwa mara nyingine, akaupekua mpaka ndani ya foronya. Hamna kitu.

"Rimoti iko wapi?" aliuliza, macho mekundu kwa kukosa usingizi.

"Nimekwambia sijui, mume wangu. Sijui!" Mkewe alikuwa anashindilia nguo kwenye begi. "Nakwenda kwa dada. Wewe baki na godoro lako."

Na godoro lenyewe ndilo hilo: la hewa, pampu uvunguni, pande mbili, kila upande na rimoti yake. Ukibonyeza juu, pampu inanguruma na upande wako unakaza. Ukibonyeza chini, hewa inatoka, unalegea. Fundi alilinunua kwa ajili ya mgongo wake, na mwanzoni alilala fofofo.

Halafu mama yake akaja kuwatembelea. Umeme ulikuwa umekatika, wakampangia chumba kwa kupapasa gizani. Tangu hapo, balaa! Fundi akisinzia tu, pampu inanguruma na upande wake unakaza kama meza. Mara unanywea, anajikuta shimoni, magoti usoni. Rimoti yake nayo imekufa. Kabadilisha betri, wapi! Ya mkewe inaendesha upande wa mkewe tu. Basi kumbe huyu mwanamke kamchezea: kampa kimeo, ile nzima kaificha. Si yeye aliyetaka wabaki na godoro la sponji?

"Sema tu kama umenichoka," fundi alisema.

"Kilichonichosha ni kushukiwa." Akafunga zipu, machozi yakimlengalenga. Fundi alitamani kumshika mkono, ila kiburi kilimkaba.

Mlango wa chumba cha pili, kinachopakana na chao kwa ukuta mmoja, ukafunguka. Mama akatoka akijipepea kwa gazeti.

"Shikamoo mama," mkwe alisema kwa sauti ndogo.

"Marahaba. Jamani, begi la nini tena asubuhi hii?"

Mama akaguna, akamnyooshea mwanawe kirimoti cheusi.

"Shika chako. Ile feni uliyoniwekea ni mbovu, mwanangu. Na joto lote hili! Usiku kucha nabonyeza juu, nabonyeza chini, naisikia kabisa inanguruma, lakini haizunguki."