Kipaza Sauti cha Utepe

Bi Mashavu alifungua kitambaa, akakiweka mezani kipaza sauti cha marehemu mumewe. Fundi Shehe, mwenye studio, alikimulika kwa tochi, akachungulia ndani ya wavu wake.

“Cha utepe hiki, mama; sauti hunaswa na utepe mwembamba wa bati humu ndani. Umeme ambao mashine yangu hupeleka kwenye vipaza sauti ukikifikia, utepe utakatika. Ngoja niuzime kwanza.”

Akaunga waya mpya, akapandisha sauti. “Haya, sema lolote.”

Bi Mashavu hakuwa ameimba tangu msiba, na mwaka wa sita huu. Alikohoa, akashika ukingo wa meza. Badala ya kusema, akaimba ubeti mmoja, kwa sauti iliyokwaruza kisha ikafunguka.

Fundi hakugusa kitu. Kwenye kompyuta mstari wa kijani ulipanda na kushuka, naye Bi Mashavu akavuta pumzi ya ubeti wa pili.