Pampu Isiyodondosha

Kila asubuhi Arafa aliweka birika la chai na sahani ya mihogo juu ya jiwe lililokuwa mlangoni pa nyumba ya pampu, akapiga hodi kwa sauti ndogo, akangoja kidogo, kisha akaondoka. Mumewe, Sefu, alikula peke yake. Jioni sahani ilirudi safi, lakini haikurudi na neno.

Leo aliweka birika, akapiga hodi, na hakuondoka.

Nyuma yake, darajani, alisimama kaka yake Omari, furushi la nguo za Arafa begani. Lori la Kondoa lingepita barabara kuu kabla ya adhuhuri.

"Zungumza naye," Omari alikuwa amemwambia njiani. "Akikujibu, furushi hili nalirudisha ndani mimi mwenyewe. Akikunyamazia, twende kwa mama. Mke si gunia la kahawa, awekwe stoo asahauliwe."

Ndani ya nyumba ya pampu injini ilikuwa imezimwa. Sefu alikuwa amepiga magoti, mgongo wake mlangoni, akifungua sili ya zamani, ile pete inayozuia maji kwenye shingo ya pampu. Sili hiyo ilivuja tangu mwaka juzi. Maji yalidondoka kwenye debe, tone baada ya tone, na Sefu aliyatazama kutwa kama mchungaji anavyomtazama ng'ombe mgonjwa. Kiganja chake hakikubanduka juu ya shingo ya pampu.

Elisaria, nyapara wa shamba, alikuwa amechuchumaa mbele yake, ameshika sili mpya kwa ncha za vidole.

"Hii haidondoshi hata tone. Imekuja kwa meli toka Uingereza. Bwana Meneja kachoka na tope lako."

"Isipodondosha, nitaijuaje hali yake?"

"Utaijua kwa mlio, bwana we! Kwani umeanza kazi jana?"

Sefu alimkazia macho mpaka alipomaliza kusema, kisha akaipokea sili na kuinama tena.

Elisaria alipotoka alikutana na Arafa mlangoni. "Karibu, shemeji," alisema akicheka. "Mumeo siku hizi amekuwa bubu wa kujitakia."

Arafa hakucheka. Alijua ububu ule ulianzia wapi.

Masika yaliyopita, mtoto wao Tunu alishikwa na homa kali. Arafa alimbeba mgongoni, akashika njia ya zahanati ya misheni, mbali huko juu mlimani. Alipofika kwenye kona ya njia alimwona Sefu chini mtoni, anatoa majani kwenye chujio la pampu, baiskeli yake imeegemea ukuta. Siku hiyo pia injini ilikuwa imezimwa. Arafa aliita. Aliita mpaka wachuma kahawa wa ng'ambo ya mto wakasimama na vikapu vyao kumtazama. "Baba Tunu! Baba Tunu!" Sefu hakugeuza hata shingo. Arafa akaenda kwa miguu. Mtoto hakufika.

Baada ya maziko alimshika mumewe mashavu kwa mikono miwili, akamwambia usoni, "Nilikuita ukaninyamazia. Una moyo wa chuma kama hiyo pampu yako." Sefu alilia. Hakujitetea. Usiku ule alichukua mkeka wake, akahamia kwenye nyumba ya pampu.

Sasa Arafa alisimama hatua chache nyuma ya mgongo ule ule. Maneno aliyokuja nayo yalikuwa mengine. Yaliyotoka yalikuwa haya:

"Baba Tunu. Kaka amekuja kunichukua. Nakwenda Kondoa."

Spana ilizunguka.

"Lori linapita leo hii. Huna la kuniambia?"

Aliyasema kwa sauti ya kutosha, hata Omari kule darajani akainamisha kichwa kwa aibu. Sefu aliikaza nati ya mwisho, akaipangusa kwa tambara taratibu, kama mtu anayempangusa mtoto uso.

Arafa akageuka. Alikuwa amefika katikati ya daraja aliposikia injini ikiwaka. Hakutazama nyuma. Omari alimshika mkono, wakaanza kupanda.

Ndipo pampu ilipopiga ukelele.

Ulikuwa ukelele wa chuma kinachosaga chuma pakavu, mkali, usio na pumzi. Majani yalikuwa yameziba chujio, na ile sili mpya ilizunguka bila maji. Ndege walitimka migombani. Wachuma kahawa walitupa vikapu, wakaziba masikio. Omari aliangusha furushi. Elisaria alikuja mbio akiteremka mteremko, anapiga kelele, "Zima! Zima! Inaungua hiyo!"

Arafa, viganja masikioni, alitazama kupitia mlango uliokuwa wazi.

Sefu alikuwa ameketi kando ya pampu, karibu kabisa, mgongo wake mlangoni, masikio yake wazi. Alikuwa akipangusa spana zake moja moja, bila haraka, na kila baada ya kitambo alichungulia ndani ya debe tupu. Alipomaliza spana ya mwisho, alinyoosha mkono, akaweka kiganja juu ya shingo ya pampu kama kawaida yake.

Akaruka. Akaurudisha mkono kifuani, akaivamia injini, akaizima.

Arafa alikuwa ameshavuka daraja kurudi. Alimpita Elisaria aliyekuwa bado anafoka, akaingia, akamzunguka mumewe mpaka wakatazamana uso kwa uso. Aliuchukua ule mkono ulioungua, akauweka kooni mwake mwenyewe, mahali sauti inapotetema.

"Sitaki kwenda," alisema kwa sauti yake yote. "Baba Tunu, sitaki kwenda."