Mkono Langoni

Mpira ulikuwa umekwishampita kipa wa mtaa wa Dunda. Nyuma ya lango lake watu walikuwa wanapita na jeneza kwenda makaburini. Beki wake akaruka, akaudaka kwa mikono miwili kabla haujalipiga jeneza.

Haji akapuliza filimbi. Sheria alifundishwa Unguja na mabaharia wa manowari, na Bagamoyo nzima hapakuwa na mwamuzi mwingine.

"Ameshika," akasema nahodha wa timu ya pili, Gongoni. Mpaka hapo hakuna aliyekuwa amefunga.

"Ameshika. Pigeni penalti."

Beki hakubisha. Akauweka mpira chini, akafuta mchanga viganjani kwa upindo wa kikoi, kidole kimoja kimoja, kisha akaenda kutia bega chini ya jeneza. Kipa akamfuata. Dunda wote wakafuata.

Lango likabaki tupu.

"Nipige hivi hivi?" nahodha akauliza.

"Sheria haikukatazi," Haji akasema, huku akivaa kofia yake. "Ila bao asiloliona mwamuzi halihesabiwi."

Akapita katikati ya milingoti, akaenda kupokea jeneza. Hakugeuka nyuma.