Sauti Kabla ya Injini

Mgeni aliingia uani bila taarifa, akiwa na kinasa sauti mkononi. Twilumba aliacha kupepeta, akajua ametoka ofisi ya mashine. Kila nyumba iliijua sheria: mashine ya kupukuchua mahindi ikimjeruhi mtu, aliyekuwepo husimulia, na mashine zote za bondeni hurudia maneno yake kila asubuhi kabla ya kuwaka.

"Sema ulichokiona tu, mama," alisema mgeni.

"Sema mashine ilikuwa mbovu," mama mkwe alidakia kutoka jikoni. "Au unataka tuchekwe hadi uzeeni?"

Ngailo, mume wa Twilumba, alikuwa ameketi kando, mkono wake wa kulia umefungwa bendeji. Hospitalini alikuwa amemwomba Twilumba asifiche lolote, ili mwingine asipoteze vidole. Naye aliahidi.

Twilumba akasogea karibu na kinasa sauti. "Mvua ilikuwa inakuja. Mahindi yalikwama, mume wangu akataka kuzima injini. Nikamwambia anachelewesha kazi. Mimi ndiye niliyefungua mfuniko, akaingiza mkono mashine ikizunguka."

Jikoni sufuria ilianguka. Mama mkwe hakuwa akilijua hilo.

Asubuhi iliyofuata, sauti ya Twilumba ilisikika kutoka kila shamba. Kwa jirani mtu alipaza sauti, "We, zima kwanza! Rudisha huo mfuniko!"

Mama mkwe alipita na ndoo yake.

"Shikamoo, mama," Twilumba alimwamkia.

Hakuitikiwa. Twilumba alibaki mlangoni, akajisikiliza mpaka neno la mwisho.