Mti wa Miraa

Mkono wa Ntinyari ulikuwa tayari kwenye mlango wa gari. Mwaka mzima tangu atoroke kuozwa, hakuwa amepata habari za mama yake. Sasa dereva huyu mgeni anasema mama ameanguka, yuko hospitali.

"Aliangukaje?"

"Kutoka mtini, binti yangu, akichuma miraa. Panda twende."

Bati la mlango lilimchoma kiganja. Igembe nzima, ni mwiko mwanamke kupanda mti wa miraa.

Asante, Mungu wangu, alisema moyoni; mama hajaanguka.

"Akina mama!" aliwaita wauzaji wa soko la Kangeta. "Mzee huyu ameona mwanamke juu ya mti wa miraa!"

Soko liliangua kicheko. Kisha wakatambua mtego wa kumrudisha akaozwe; kicheko kikakatika, na wanawake wakalizunguka gari.

Ntinyari akaingiza mkono dirishani, akachomoa ufunguo.