Injini Mpya ya Gari la Baba

Tangu sheria ilipopiga marufuku magari yenye waya wa eksileta, yale yanayotii mguu wa dereva moja kwa moja, Nakiete alikuwa ameliacha gari la marehemu baba yake uani. Mwaka huu fundi Shemdoe alilifungia injini mpya. Sasa mguu wa dereva ulipeleka ombi tu, na injini ndiyo iliyoamua mwendo.

"Ukikanyaga kwa hofu, litapunguza," fundi alimweleza. "Injini mpya zote ziko hivyo, dada. Sina namna ya kuizima tabia hiyo."

Wiki ya tatu mama yake alibanwa na kifua. Nakiete alimlaza kiti cha nyuma, akakanyaga mafuta hadi mwisho. Gari likajivuta taratibu.

"Tulia, mwanangu," mama alisema kwa shida. "Linakusikia."

Nakiete alilegeza mguu, akaanza kuzungumzia bei ya mahindi kana kwamba wanakwenda sokoni. Gari likaongeza kasi. Walifika hospitali kwa wakati, na mama akapona.

Tangu hapo Nakiete huketi garini kila asubuhi, injini ikinguruma, akijizoeza kutoogopa. Juzi mama alianguka bafuni. Nakiete alimwinua bila hata moyo kumwenda mbio. Mama alimwekea kiganja kifuani, akauliza, "Huniogopei tena, mwanangu?"