Jogoo wa Handakini

Fundi sauti aliwika kama jogoo, akagonga sufuria kwa kijiko, kisha kikohozi kikamponyoka, mara mbili.

"Nirudie, mkuu?"

"Achana nacho," msimamizi wake akasema, akizima mashine ya kurekodi. "Kwani sokoni watu hawakohoi? Tutatumia hiyo hiyo."

Jioni rais aliketi mle mle ndani ya handaki la siri la serikali, kavaa ndara, akauambia umma redioni: "Ndugu zangu, nipo hapa sokoni pamoja nanyi. Msikimbie." Nyuma ya maneno yake, jogoo akawika.

Fundi aliinamisha uso. Huko juu mabomu yalikuwa yanaukaribia mji, na mama yake alikuwa miongoni mwa walioambiwa wasikimbie.

Wafanyakazi wa handakini waliruhusiwa kupiga simu nyumbani mara moja kwa wiki. Laini ilikwaruza, lakini mama alikuwa mzima. Tena alikuwa mpole ajabu, yeye aliyezoea kumkaripia mwanawe hata kwa kupiga chafya.

"Rais mwenyewe hajatoka mjini, mwanangu. Mimi nitoke niende wapi? Wewe fanya kazi yako."

"Sawa, mama," fundi alijibu kila mara, kisha chakula kikamshinda. Angeanzia wapi kumwambia kwamba soko lile zima ni yeye na sufuria yake?

Wiki hii alipania. Aibu na imvae, mradi mama asalimike. Zamu yake ilipofika, aliushika mkonga wa simu kwa mikono yote miwili.

"Mama, nisikilize. Nimekudanganya. Rais hayuko sokoni, tuko naye huku chini. Funga virago vyako uondoke leo hii!"

Akaubana mkonga sikioni.

"Umekasirika? Basi nitukane, mama. Nastahili."

"Usijali, mwanangu." Sauti ilitetemeka kidogo. "Huku ni shwari. Husikii watu na shughuli zao?"

Alitega sikio. Nyuma ya mama jogoo aliwika, sufuria ikagongwa, na mtu akakohoa, mara mbili.

"Wewe ni nani?" akanong'ona.

Simu ikakatika. Upande wa pili wa ukuta, katika chumba cha jirani, mkonga wa simu ukawekwa chini taratibu, na mwanamke akaanza kulia.